Mpira Uliochelewa Kushuka

Haya nitakayosema ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, na asiyeamini aje akaulize mkahawani kwa Bernice Oleksa, hapa Tarlow, Ohio. Pale kaunta tuna sheria: anayekamatwa akiongeza chumvi anawanunulia wote pai. Mimi nina miaka kumi na sita nakula pai za wenzangu.

Alhamisi ya kwanza ya Desemba, Duane Hrabik alikuwa amelala chali kando ya tanuri linalopasha joto nyumba ya Lorraine Petko, akibadilisha feni, Lorraine alipomwita kutoka juu.

"Duane! Mpira wako umerudi."

"Uko wapi?"

"Juu ya paa langu. Kama futi thelathini hivi."

Duane alikaza skrubu mbili zilizobaki, akafuta mikono, akatoka nje kutazama. Ulikuwa wenyewe. Kiangazi cha mwaka tisini na saba Duane alikaa siku kumi na moja katika ligi kuu ya besiboli, akiwa mrushaji, na siku ya mwisho alimrushia Cole Brandvold mpira mzuri kuliko yote aliyowahi kurusha. Brandvold aliupiga kwa gongo ukavuka ukuta wa uwanja, ukavuka jukwaa, ukavuka maegesho ya magari, na hakuna aliyeuona ukitua. Kesho yake Duane alirudishwa ligi ndogo, na huko hakukaa sana akarudi Tarlow kutengeneza matanuri.

Sasa mpira ulikuwa unashuka, futi moja kwa siku, wala upepo hauutikisi. Huko juu ulikuwa umenenepa. Ulikuwa sawa na boga la maonyesho ya wakulima, mishono yake myekundu imekazana kama mkanda wa mtu aliyeshiba.

"Zile dawa haramu za misuli alizodungwa Brandvold zilipita kwake zikaingia mpaka kwenye mpira," alisema Duane.

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu tangu tisini na saba, Lorraine."

Lorraine aliandika habari za besiboli gazetini miaka thelathini na minne, ndiyo maana kila mwaka posta humletea karatasi ya kura ya Jumba la Magwiji. Wapigakura ni waandishi. Mchezaji akipata robo tatu ya kura, sura yake ya shaba inatundikwa ukutani milele. Miaka kumi ikipita hajazipata, jina lake linafutwa karatasini. Mwaka huo wawili walikuwa kwenye mwaka wa kumi, Brandvold na Marcus Teale. Walidungwa sindano na mtu mmoja, katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Ila Teale alikiri, tena kwa matusi, na waandishi alikuwa akiwafukuza kama nzi. Brandvold hakukiri, na kila Jumapili aliwaletea waandishi donati na kuwauliza hali za watoto wao. Kura za mwaka uliotangulia, Teale alipata asilimia nane. Brandvold sabini na moja.

Kivuli cha mpira kilipita dirishani kikakaa mezani kwa Lorraine, juu ya karatasi, juu ya jina la Brandvold. Lorraine akasogeza karatasi. Kivuli kikasogea nayo. Akawasha taa, kikabaki palepale. Akanywa kahawa yake.

Wakala wa bima alikuja na ngazi, akapima. Alisema bima inalipia mvua ya mawe, miti na ndege za abiria, lakini hailipii mchezo ambao haujaisha.

Duane alikuja kila siku wakati wa chakula cha mchana. Alishona glavu kubwa ya kudakia kutokana na glavu yake ya zamani, buti tatu na kiti cha trekta, akawa anapanda paani kuijaribu. Lorraine alimpelekea supu.

"Duane, ule mpira ulivuka ukuta. Hata ukiudaka, pointi ni ya Brandvold."

"Sheria naijua. Pointi mwachie."

"Sasa unataka nini, baba?"

"Haki. Waingie wote wawili, au asiingie hata mmoja. Ukimpigia kura wa donati, mpigie na wa matusi."

"Nilitaka kumpigia Cole. Mtu mwema yule."

"Si ndiyo hapo! Sikuulizi nani mwema."

"Ukaidi huu umeutoa wapi?"

"Kwenye matanuri. Ulibembeleze, ulitukane, tanuri linataka spea."

Karatasi ilitakiwa igongwe muhuri wa posta kabla ya tarehe thelathini na moja kwisha. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi posta ya Tarlow hufunga saa sita mchana. Saa tano kasorobo Duane alipanda paani. Ngazi niliishika mimi, theluji magotini, na Duane akiegemea kushoto mimi naegemea kulia. Mpira ulipofika usawa wa kifua aliudaka kwa mikono miwili. Aliteleza, vigae vitatu vikang'oka, mpira haukumtoka.

Aliuweka mezani jikoni, meza ikalia. Ulikuwa wa moto, unanuka dawa ya kuchua viungo, na ndani yake kitu kilikuwa kinadunda. Lorraine aliushika kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Chupa za dawa niliziona," alisema. "Kabati la Cole na la Teale, bega kwa bega. Siku hiyo niliandika makala kuhusu bustani ya nyanya ya mama yake Cole."

"Ilikuwa makala nzuri," alisema Duane. "Ninayo mpaka leo."

Lorraine alisaini karatasi bila kumwekea alama mtu yeyote. Karatasi tupu iliyosainiwa huhesabiwa, na humpunguzia kila mmoja asilimia yake. Duane alimpeleka posta kwa gari lake la kazi, muhuri ukagongwa zikiwa zimebaki dakika nane.

Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka. Brandvold, asilimia sabini na sita. Teale, tisa. Kwenye sherehe ya kutundika sura yake Brandvold aliwashukuru waandishi kwa majina. Mpira uko kwa Bernice, kando ya birika la kahawa. Bado wa moto. Kukiwa na baridi kali tunaweka pai juu yake.

Alhamisi iliyopita nilikuwa namsimulia haya muuza matairi mmoja, mgeni. Nilipofika kwenye habari ya ngazi, Duane akaweka uma chini.

"Orville, mpira ni kweli. Paa ni kweli. Lakini wewe ngazi hukuishika. Desemba ile ulikuwa hospitali, unabadilishwa nyonga."

"Niliishika kwa moyo."

"Pai," alisema Bernice. "Kaunta nzima."

Tulikuwa watu tisa. Bernice alishachukua kisu, Lorraine akainua mkono kutoka kiti cha mwisho.

"Bernice, mimi nilinyamaza miaka ishirini na mitano. Hiyo ni pai ngapi?"

Bernice akageukia ubao ambapo marehemu mama yake aliiandika ile sheria. Akaisoma yote, taratibu.

"Hapa imeandikwa anayeongeza," alisema. "Anayenyamaza hakutajwa."

Akamkatia Lorraine kipande cha pai ya cheri, kikubwa. Nikakilipia.