Methali ya Kumzikia Kiarie

Kwa maneno ya Truphosa, jirani wa mlango wa pili, mambo yalikwenda hivi. Kiarie alikuwa amejificha nyuma ya pikapu ya kukodi, katikati ya magunia ya viazi, na mkewe Chepngeno alikuwa amekaa mbele na mtoto mapajani. Walikuwa wakitoka Salgaa, wakikimbilia hapa Bondeni kwa mama yake Kiarie. Kabla hawajafika mbali wakakuta magogo barabarani, na vijana wenye mishale. Vijana wakamsemesha yule mwanamke kwa lugha ya kwao, ambayo ndiyo yake pia, naye akawajibu kwa hiyo hiyo, wakacheka pamoja. Kisha, akasema Truphosa, na hapa aliweka mtungi chini ili mikono iwe huru, yule mwanamke hakunyoosha hata kidole. Alisogeza mdomo tu, hivi, kuelekea kwenye magunia.

Truphosa mwenyewe akausogeza mdomo wake kuelekea choo cha ploti, kile cha wapangaji wote, na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya mfereji wa maji wakageuka kukitazama choo, kana kwamba Kiarie yumo.

Wawira alikuwa kwenye foleni hiyo. Alisikia, akanyamaza, kama kawaida yake. Alikuwa msichana wa kutazama watu na kuweka moyoni, na subira yake ilijulikana. Watoto wa ploti walikuwa wakisema hata chai yake huchemka polepole. Lakini siku hiyo, akiwa amebeba maji kurudi chumbani, alijikuta akiusogeza mdomo wake peke yake, kujaribu.

Kazi yake ilikuwa mjini Nakuru, katika duka la Navin la kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Alichukuliwa kwanza awe anakunja karatasi na kuzibana pini. Basi akawa anaona jinsi watu wanavyofika kaunta wakiwa na picha ya marehemu mkononi na maneno hawana. Mmoja akamwomba amsaidie kuandika historia ya baba yake, akaandika, ikasomwa, watu wakaipenda. Tangu hapo Navin akamwekea stuli kando ya mashine na kumpa kazi hiyo.

Uandishi wenyewe Wawira aliujua wa namna moja, ule wa insha za darasa la nane, kwa kuwa hakupita hapo. Mwalimu wake alikuwa akisema insha bila methali ni chai bila sukari, na kila penye methali aliweka alama nyekundu pembeni. Insha za Wawira zilikuwa zikirudi na wekundu mwingi, zikasomwa mbele ya darasa. Karo ya sekondari haikupatikana, lakini methali zilibaki, zote. Kwa hiyo alipomwandika mzee wa boma, alimalizia kwamba mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba. Alipomwandika mama wa sokoni, haba na haba hujaza kibaba. Wafiwa walikuwa wakilia hapo hapo kaunta na kumshika mkono.

Navin hakulia. Alizaliwa Nakuru, baba yake alizaliwa Nakuru, na kuhusu makosa ya mwandishi mchanga alijua kila kitu, kwa sababu kila kosa lilirudishwa kwake likiwa na hasira: mjukuu aliyesahauliwa, mke mkubwa aliyetajwa baada ya mdogo, ugonjwa uliotajwa na familia ilikuwa imeuficha. Alimwambia Wawira mara nyingi, bila kuinua macho kwenye mashine, "Mtu akikufa, kila mtu anakuwa mwandishi. Wewe usikuwe. Wewe uliza, nani amesema? Alikuwa huko? Kama alikuwa, andika. Kama hakuwa, wacha nafasi." Na hizo methali zake, akaongeza, zinakula laini mbili za bure. Lakini wateja walizitaka, na mteja ni mteja.

Ikaja Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi. Malori hayakupita, karatasi zikaadimika, na waliotaka programu za mazishi wakawa wanapanga foleni mpaka nje.

Kahiga, kakake Kiarie, alifika akakaa kwenye stuli ya wateja na kusema maneno yake kama mtu anayesoma: alizaliwa wapi, alisoma wapi, jinsi alivyokuwa fundi wa magurudumu ya malori pale Salgaa na jinsi madereva walivyompenda kwa utani wake. Wawira aliandika. Walipofika kwa jamaa walioachwa, Kahiga akasema ameacha mama, ndugu mmoja na mtoto mmoja.

Wawira akauliza, "Na mama ya mtoto?"

"Mtoto mmoja," Kahiga akasema. "Andika hivyo."

Huyo mama ya mtoto hakuwa mbali. Alikuwa Bondeni, kwa Mama Kahiga, mama mkwe wake, akishinda nje kwenye kivuli cha ukuta akinyonyesha. Mtoto hakuwa ameota jino bado. Aliitwa Shiru, jina la nyanya yake mzaa baba, kama desturi ilivyotaka. Wawira alipita hapo akienda kazini, akapita tena akirudi. Kila mara alisalimia, na Chepngeno aliitikia, kisha akabaki akimwangalia kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Wawira hakuuliza. Alichotazama yeye ni mdomo: midomo iliyokauka na kupasuka katikati. Akawa anaiwaza ikisogea.

Historia ya Kiarie ilikwenda vizuri. Pale penye kifo Wawira alikumbuka maneno ya Navin, akaandika tu kwamba aliaga dunia barabarani akirudi nyumbani kwa mama yake. Hapo ilikuwa imekwisha, na ilikuwa safi. Ila chini ya ukurasa palibaki nafasi, na mkono haukukubali kuiacha. Akazipitia methali moja moja. Ajali haina kinga. Lakini haikuwa ajali. Halafu ile nyingine ikaja yenyewe bila kuitwa, ikakaa mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria. Akaandika: Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akahisi raha ile ya zamani, ya kalamu nyekundu inaposimama pembeni.

Navin aliisoma, akaisoma tena mwisho. "Hii nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu wangapi?"

"Ploti nzima, boss."

Navin alimtazama. Alikuwa anataka kusema neno jingine, lakini mlangoni aliingia mama mwenye picha ya wavulana wawili, basi Navin akaitia karatasi kwenye mashine.

Kiarie alizikwa makaburi ya mjini, kwa kuwa njia ya shambani ilikuwa haipitiki. Katekista alisoma historia kwenye kipaza sauti, polepole, na Wawira, aliyesimama nyuma, alikuwa akisikia maneno yake yakiwa makubwa kuliko alivyoyaandika. Katekista alipofika mwisho alisema, "Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho," kisha akatua, kama wanavyotua wasomaji wote wa mahali kama pale, ili watu wamalizie. Na watu wakamalizia. Umati mzima, watu wazima na watoto wa shule, kwa sauti moja ya darasani: "Ki nguoni mwako."

Kisha nyuso ziligeuka, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa zimemwelekea Chepngeno. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Kahiga alitoka mahali pake karibu na jeneza, akatembea mpaka alipokuwa Chepngeno, akamfungua mtoto mgongoni mwake kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Akasema, jina ni langu, huyu ni wa hapa. Wewe nenda kwenu. Chepngeno alinyoosha mikono. Kahiga akasimama katikati, na mazishi yakaendelea.

Baadaye, mji wenyewe ulipokuwa umeanza kunuka moshi wa nyumba zilizochomwa, Chepngeno alikuja dukani. Navin alimfungulia mlango wa nyuma. Alikuwa amejifunika kitambaa kichwani, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa. Alikataa kukaa. Aliwaambia kwamba amelala kanisani na watu wa kwao, na kwamba lori la kuwachukua linangojwa. Kisha akamgeukia Wawira.

"Sikuonyesha mtu," akasema. "Waliuliza magunia ni ya nani. Nikasema ni ya bwana yangu, na bwana yangu ako hapo nyuma, na ni baba ya huyu mtoto wenu. Nilifikiria wakijua ni shemeji yao watamwacha."

Wawira aliweka kalamu chini.

"Niliwaambia ni bwana yangu, wakamshusha," Chepngeno akasema. "Nikakuja huku, nanyi mkakataa kuandika mimi ni bibi yake. Na wewe ulikuwa unapita hapo kila siku. Unanisalimia, unaniangalia. Hukuniuliza."

Alichotaka ni kwamba Wawira aende kwa Mama Kahiga aseme ukweli huo, ili mtoto arudishwe kabla ya lori kuondoka. Yeye mwenyewe Bondeni hawezi kuingia tena. Atangoja kwenye kona, karibu na duka la simu lililofungwa.

Wawira alipitia kwanza kwa Truphosa. Alimkuta akifunga vyombo kwenye shuka, maana naye alikuwa akihama. Akamuuliza ile habari ya mdomo aliipata wapi. Truphosa akasema ni shemeji yake. Shemeji alikuwa kwenye pikapu? La, alisikia kwenye kibanda cha chai. Kwa nani? Truphosa akakaza fundo la shuka kwa meno kabla ya kujibu.

"Mimi nilikuwa naongea tu, dada," akasema. "Maneno ya mferejini yanaisha na maji. Nani alikuambia uandike?"

Mama Kahiga alikuwa ndani, mtoto mapajani, akimlisha uji mwepesi kwa kijiko. Mtoto alikuwa akigeuza uso, uji ukimwagika shingoni. Wawira alipiga magoti kwenye saruji na kusema yote bila kupamba: kwamba methali ile aliiweka yeye, kwamba hakuambiwa na mtu aliyeona, kwamba palikuwa na nafasi chini ya karatasi na yeye akaijaza. Akasema alivyosikia kwa Chepngeno mwenyewe. Akasema alikosea.

Mama Kahiga alisikiliza mpaka mwisho. Alimpangusa mtoto shingo kwa ncha ya leso.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini hiyo maneno nayajua tangu nikiwa mdogo. Wewe unasema ulikosea. Na wahenga pia walikosea? Na katekista? Na watu wote wa makaburini?"

"Si hiyo methali, Mama Kahiga. Ni mimi kuiweka hapo."

"Nilikuwa nakaa na huyo mwanamke kwa nyumba yangu," mama akasema, sasa polepole zaidi, "namwangalia anakula, sijui nifikirie nini. Kijana wangu amekufa, na sina mtu wa kushika, wa kulaumu. Ni wewe ulinipatia. Sasa unakuja kuchukua tena. Utaniachia nini?"

Methali zilimjia Wawira, nyingi, zikasongamana mdomoni, na kila moja aliiona ilivyo: kitu kilichotengenezewa mtu mwingine, siku nyingine. Akazimeza. Nje magari machache yalipita kwa kasi yakipiga honi. Mtoto alianza kulia, kilio cha njaa kisichotaka kijiko.

"Basi usimrudishe," Wawira akasema. "Mama yake ako hapo kwa kona, na lori halijaondoka. Nipatie mtoto nimpeleke anyonye mara moja tu. Mimi mwenyewe nitamleta."

Mama Kahiga alimkaza mtoto mapajani, akachota uji, akaupuliza, akausogeza karibu na mdomo wa mtoto, akangoja ufunguke.