Shamba Lilipoanza Kurudi Nyuma

Ofisini walimwita Bwana Rangi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma picha za setilaiti na kupaka ardhi rangi: kijani panapolimwa, kahawia palipoachwa. Mwaka ule kitengo chao kilipewa kazi ya kulinganisha ardhi ya kilimo ya nchi mbili, tangu miaka thelathini nyuma. Ya kwanza ilikuwa nchi aliyohamia. Ya pili ilikuwa ya kwao.

"Bahati yako," mkuu wa kitengo alimwambia. "Hiyo ya pili utaisoma umefumba macho."

Alifanya kazi kimya kimya, dirisha limefungwa kwa baridi. Nchi ya ugenini haikumsumbua: mashamba yalikuwa yameungana mwaka hadi mwaka, yakawa rangi moja hadi upeo wa macho, nyumba hazionekani. Ya kwao ilikuwa viraka viraka. Hapa kimoja kimeongezeka msituni, pale kingine kimemezwa na mji. Alikuwa amejikataza kutafuta nyumbani kwao. Lakini macho hayana pazia. Mchana mmoja wenzake walitoka kwenda kula bila kumwita, naye akaufuata mto kwenye picha mpaka akaliona bati la nyumba ya mama yake.

Shamba lilikuwa linapungua. Baba alipokuwa hai, kijani kilifika mtoni. Baada ya msiba kilianza kurudi nyuma, msimu kwa msimu, kikiikaribia nyumba. Kwenye picha ya mwisho kilibaki kipande tu, nyuma ya jiko.

Jumapili alipiga simu, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Msimu huu umelima mpaka wapi?"

"Mpaka mtoni. Si unanijua? Mimi na jembe ni mtu na ndugu yake."

"Mama, shamba nimeliona. Kazini tuna picha zinazopigwa kutoka juu."

Mama alicheka kwa sauti ya chini. "Kumbe siku hizi mtu hawezi kusema uongo hata akiwa uani kwake. Mgongo umekataa, mwanangu. Ningekwambia, ungeacha kazi uje kushika jembe. Na jembe lenyewe hulijui, ungejikata miguu bure."

"Ungeniambia tu."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Nini?"

"Kila Jumapili unaniambia uko na rafiki zako, mnapika, mnacheka. Kilichoharibika kwangu ni mgongo, masikio ni mazima. Sijawahi kusikia nyuma yako hata kijiko kikianguka."

Chumba chake kilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia, kingine alikianikia nguo.

"Basi tuache kudanganyana," mama alisema. "Mimi siwezi tena kuinama, na wewe huna mtu. Haya, niambie umekula nini."

Akamwambia ukweli: mkate wa juzi, na chai. Walizungumza mpaka simu ya mama ikaisha chaji.

Msimu uliofuata, mama alimpa jirani sehemu ya chini alime, wagawane mavuno. Picha mpya zilipoletwa, kijani kilikuwa kimefika tena mtoni. Mkuu wa kitengo akapita nyuma ya kiti chake, akainama kutazama.

"Hapa pamefufuka," alisema. "Andika kwamba ardhi inayolimwa imeongezeka."

Akaandika, maana ilikuwa imeongezeka kweli. Mkuu akaenda zake, wala hakuna mwingine aliyeuliza kitu. Bwana Rangi akaitazama ile picha, kisha akatoka, akakaa koridoni, akampigia mama ingawa haikuwa Jumapili. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Nilikuwa nimelala," mama alisema. "Siku hizi nalala mchana. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nimekaa tu peke yangu."

"Haya, kaa," mama akamjibu. "Na mimi nimekaa."