Koti Kwenye Tuta la Mtama

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alifungua duka, akawasha pasi, akanyoosha mkono kwenye msumari nyuma ya mlango na kugusa ukuta mtupu. Koti lake la kijivu, alilolishona mwenyewe na kulivaa kila siku ya kazi, halikuwepo.

"Mwanao kalichukua," mkewe alisema kutoka nyuma ya pazia lililotenga duka na sebule. "Bustanini wanatengeneza sanamu za kufukuza ndege. Wameambiwa kila mtu aivishe yake nguo ya mtu anayemkumbuka sana."

"Mimi nipo hapa hapa. Ananikumbuka vipi?"

"Muulize yeye," mkewe alisema, akaendelea kuosha vyombo.

Hakumuuliza. Kwa miezi mingi hakuwa amezungumza na binti yake zaidi ya salamu. Binti alikuwa mwalimu. Siku moja alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, maneno yakamwishia, akaketi sakafuni mpaka walipokuja kumchukua. Tangu hapo alihudhuria bustani iliyo nyuma ya zahanati, ambako watu waliozidiwa na mawazo walilima, walichora, walifinyanga udongo na kuimba wakipalilia. Wauguzi walisema inamsaidia. Fundi hakukataa. Aliomba tu apitie mlango wa nyuma, na wateja aliwaambia yuko masomoni, nchi ya mbali. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ijumaa jioni binti alirudi na kapu la mchicha, na sanamu ikamfuata. Ilikuwa na mguu mmoja wa mti, kichwa cha gunia kilichochorwa macho kwa makaa, na koti la kijivu lilikuwa limeikaa vizuri mabegani. Ilijipangusa udongo mlangoni, ikaingia, ikaketi kwenye kiti cha fundi. Mama aliipa kikombe cha chai. Haikunywa, lakini ilikishika kwa adabu mpaka chai ikapoa.

Fundi alikula akiwa kwenye kigoda, kisha akarudi dukani kumhudumia meneja wa benki.

Huku nyuma binti alivuta mkeka karibu na kile kiti, akaanza kuongea. Aliieleza sanamu jinsi alivyotazama ubao asubuhi ile akauona hauna mwisho. Jinsi alivyokuwa amekesha usiku baada ya usiku. Jinsi alivyotaka kumwambia mtu nyumbani, na mtu huyo alikuwa akipima suruali za watu. Sanamu iliinamisha kichwa na kusikiliza. Palipofika mahali pa kucheka ilicheka, sauti kavu kama majani yakikanyagwa, na binti akacheka nayo.

Fundi aliyasikia yote kutoka upande wa pili wa pazia, akiwa amepiga magoti kumpima meneja urefu wa suruali.

"Nani hao wanacheka?" meneja aliuliza.

"Redio," fundi alisema, pini mdomoni.

Meneja alikuwa mgeni mtaani. Alimjua binti wa fundi kwa picha tu, ile ya joho iliyotundikwa juu ya cherehani. Aliionyesha kwa kidevu. "Na mwalimu wetu? Bado anasoma tu?"

"Bado. Elimu ya juu, meneja, ni kama ngazi. Ukipanda moja unaikuta nyingine."

"Mwambie apande polepole, asije akatusahau huku chini."

Fundi alicheka, akajichoma pini kidoleni.

Sanamu haikurudi bustanini. Ilikaa pale, na binti akaanza kulala usingizi wa kawaida. Wiki iliyofuata muuguzi wa bustani akaja, akakaribishwa ndani.

"Koti hatulidai, baba," alisema. "Ila tuta la mtama halina mtu. Ndege wanakula mpaka kuruka kunawashinda. Turudishieni sanamu, au mtupe mtu wa kusimama."

Fundi aliigeukia sanamu. Ilikuwa imenyoosha mikono, ikimshikia binti uzi wa kufumia.

"Huyo ana kazi," mkewe alisema. "Nenda wewe."

"Mimi nina wateja."

"Utasimama asubuhi. Kusimama bila kusema neno, hapo hakuna wa kukushinda."

Alikwenda kesho yake, akitokea mlango wa nyuma. Alisimama katikati ya tuta na kunyoosha mikono. Ndege walizunguka juu, wakamtazama, wakaenda kwingine. Dereva wa lori mstaafu, ambaye wenzake walimwita Breki, aliacha kupaka rangi makopo ya maua, akamkagua.

"Sura anayo," alisema. "Ila yule wa kwanza alikuwa mchangamfu zaidi."

Binti alipopita na reki alisimama mbele yake. "Inua kidogo wa kushoto, baba."

Aliinua. Alikuwa na maneno. Aliyahisi yamepanga foleni kooni, akayapima moja moja, akaona yote ni mafupi. Binti akaenda kupalilia.

Siku ya wageni ilipofika, picha zilitundikwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa, na mboga zikapangwa juu ya meza kando ya tuta la mtama. Meneja alikuja amevaa suruali yake mpya.

"Fundi. Huku kwa wagonjwa unafanya nini?"

"Nafukuza ndege."

Meneja alitazama juu, hakuona ndege hata mmoja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamwona binti, aliyekuwa mezani akifunga mchicha mafungu mafungu. Alikuwa amekonda, nywele amekata, ilhali yule wa kwenye picha ya joho alikuwa na mashavu.

"Na huyu? Ana mikono mizuri. Ni wa nani?"

Binti aliacha kufunga. Hakumtazama meneja, alimtazama baba yake, akangoja. Breki naye akashusha brashi.

Mikono ya fundi ilikuwa imenyooka pande zote mbili, mmoja ukimwelekea binti. Aibu ilimpanda kutoka nyayoni kama maji yanavyopanda shinani, ikamfika kooni.

"Ni mmoja wa hawa," alisema. "Simfahamu sana."

"Basi kwao wana bahati." Meneja aliinama kuchagua fungu. "Na mwalimu akipiga simu, mpe salamu zangu."

"Nitampa."

"Zimefika," binti alisema.

Meneja alikuwa akinusa mchicha, hakuuliza. Binti alimfungia fungu alilochagua, akachukua kopo la maji, akamwagilia tuta la mtama mstari kwa mstari. Alipofika kwa baba yake alimmwagilia nyayo, kwa kipimo kile kile. Kisha akaenda zake nyumbani, ambako alikuwa na mtu wa kumsimulia.