Trekta Isiyolima

Sheria mpya ilipotoka kwamba kila chombo cha kuchezea mchangani lazima kisajiliwe, Mama Vumbi hakubisha. Yeye na wifi yake walikuwa na pikipiki moja ya magurudumu manne, waliyoikodisha kwa wageni wanaopenda kupanda na kushuka vilima vya mchanga nyuma ya machimbo ya kokoto. Jina la Vumbi alibandikwa na wateja, akalizoea.

"Tukaisajili, wifi. Nusu siku tu tumemaliza."

Kumbe sheria hiyohiyo ilikataza pikipiki ile isikanyage lami. Ikabidi wakodi lori la kuipeleka ofisini. Mkaguzi akaizunguka, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Vioo vya pembeni viko wapi? Na taa za kukatia kona?"

"Kaka, hii haiendi barabarani. Nyinyi wenyewe mmekataza."

"Bila vioo haipiti."

Wakarudi nayo. Fundi akafunga vioo na taa huku akicheka mpaka machozi. Lori likakodiwa tena. Safari hii mkaguzi akaridhika, akawaelekeza dirishani kwa karani, binti mwenye sauti ya upole. Karani akaikodolea macho kompyuta.

"Humu kuna pikipiki, gari na trekta. Pikipiki ina magurudumu mawili."

"Basi andika gari, mwanangu."

"Gari lina milango, mama."

"Tukaichomolee mlango wa choo?" wifi akadakia.

Karani hakucheka. Akabonyeza, mashine ikatoa kadi. Wifi akashangilia, lakini Mama Vumbi aliisoma akiwa amesimama palepale: *Trekta. Hairuhusiwi kubeba abiria.*

"Mwanangu, kazi yetu ni kubeba watu!"

"Andikeni maombi, aina mpya iongezwe."

"Nani atayajibu?"

"Mhusika bado hajateuliwa."

Mama Vumbi akapiga kioo cha dirisha kwa kiganja. Mlinzi akainuka kitini. Wifi akamshika mkono, akamvuta nje kabla mambo hayajaharibika.

Jumamosi alikuja baba mmoja na binti zake wawili. Mdogo alikwisha kuvaa kofia ngumu. Mama Vumbi akamfungua kamba ya kidevuni, akamvua taratibu, asiweze kumtazama usoni.

"Tuwapandishe tu," wifi akanong'ona. "Nani atatuona huku?"

"Wakituona wanaichukua. Utakula mchanga?"

Wageni wakaondoka. Wifi akasusa, akaingia ndani. Mama Vumbi akaifunika pikipiki turubai, akakaza kamba kwa hasira mpaka viganja vikamwuma.

Jumatatu ofisi ilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza dirishani. Karani alipomwona akashusha pumzi.

"Mama, umekuja tena? Hakuna jipya."

"Najua," alisema Mama Vumbi. Akavuta benchi mpaka mbele ya dirisha, akaketi. "Niitie mkubwa wako. Leo siondoki."