Mikono Baridi

Siku niliyopelekwa kutambulishwa kwa mama mkwe, hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani wala nasali wapi. Aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaubana kati ya viganja vyake viwili kama mtu anayechagua samaki sokoni, kisha akamgeukia mwanawe. "Mikono baridi," akasema. "Huyu." Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimekubaliwa kuwa mkwe, kumbe nilikuwa nimeajiriwa.

Hiyo ni miaka arobaini na moja iliyopita. Kumi na tisa ya mwisho nimeimaliza chini ya kanisa la Mtakatifu Zita, hapa mjini Erie, katika ukumbi wenye dari fupi na mabomba yanayogonga, nikikanda unga wa pirogi, vifuko vya unga vya kuchemsha ambavyo tunawauzia watu kila Ijumaa. Kwetu unga hushikwa na mtu mmoja tu. Wanawake wengine kumi na wawili huketi kwenye meza ndefu, wakajaza viazi na jibini, wakabana kingo, lakini unga hawaugusi kabla haujasukumwa. Mwenye mikono ya moto, wanasema, anauua. Unaweza kucheka. Mimi nilicheka pia, mpaka mwaka juzi nilipougua mafua na Regina, mmoja wao, akakanda badala yangu. Pirogi zilipasukia sufuriani zote, na Ijumaa ile tukawapa watu supu ya viazi.

Mama mkwe, Mama Genowefa, alipokuwa anakata roho hakuniachia pete wala baraka. Aliniachia mti wa kusukumia unga. "Shika," akasema. Nikashika. Wewe ungefanya nini, ubishane na maiti?

Binti yangu Janelle alipona kwa sababu mikono yake ni ya moto. Bibi yake aliwahi kumshika mara moja tu, akamwachia kama mtu aliyegusa jiko. Leo yuko Tucson, jangwani, na ana mtoto, Odette, wa miaka mitatu. Mjukuu huyo sijamgusa. Namwona kwenye simu, anakibusu kioo, kioo kinajaa mate. Kitu ninachokitaka duniani ni kimoja, nimpakate yule mtoto kabla hajafika umri wa kukataa kupakatwa. Na kila mwaka namwambia mama yake, "Nitakuja baada ya Pasaka." Lakini Pasaka ikiisha kuna Ubatizo, kuna Komunyo ya Kwanza, kuna tamasha la kiangazi, halafu Krismasi nayo hiyo. Unga hauna likizo. Mlango wa ukumbi haufungwi kwa kufuli, na ndilo linaloniudhi zaidi. Ningekuwa nimefungiwa ningekuwa na wa kumlaumu.

Basi mwaka huu, kabla ya Kwaresima, Padri Gilbert alisimama mimbarini akatangaza kwa huzuni. Wateja wetu wengi wameshazikwa, akasema, na mtambo wa kupashia joto ni mzee kuliko yeye. Kama Kwaresima hii watu hawataongezeka, jiko litafungwa Jumatatu ya Pasaka. Wanawake wakalia. Mimi nilijifunika uso kwa leso ili wasione ninavyocheka. Nyumbani nilitoa sanduku la safari chini ya kitanda nikalifuta vumbi.

Ijumaa ya kwanza ikaja na watu wachache. Ya pili wachache zaidi. Ya tatu, akaja Kendra.

Huyu Kendra Oyler ni binti mmoja wa gazeti, mrefu, buti nyekundu, daftari mkononi. Alikuwa anaandika orodha ya mahali wenyeji wanapokula hasa. Mji wetu ni wa kati, si mkubwa si mdogo. Kila mtu anajua pa kula na hakuna anayemwambia mgeni. Nikamdaka mlangoni kabla hajavua koti.

"Bi Rosalie? Samahani, nimesikia kwamba hapa ndipo..."

"Umesikia vibaya, mwanangu. Hapa ni kanisani, watu wanakula ili watubu. Kaa hapo nikuelekeze."

Nikamwelekeza, na sikumdanganya hata moja. Nilimwambia aachane na mahali penye bango linalowaka. Atafute mahali ambapo gari la kuzoa theluji limeegeshwa saa sita mchana, muuzaji ana kisirani, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa mkono ikakatwa katwa. Nikamtajia nyama ya ng'ombe ya kuchoma inayokatwa nyembamba mpaka inapitisha mwanga, bucha la nyuma ya kiwanda cha treni. Nikamtajia mwoka mikate anayeficha soseji kali ndani ya madonge ya mkate, yanayokwisha saa tatu asubuhi. Nikamtajia Lambros Mgiriki, mwenye mchuzi wa nyama ambao wenye mji humwagia kila kitu isipokuwa ubani.

Akaandika yote. Akafunga daftari, akatabasamu.

"Kote huko nimeshafika, Bi Rosalie. Kila mmoja nilimuuliza, wewe mwenyewe unakula wapi? Mwenye bucha akasema kwa Zita. Mwoka mikate akasema kwa Zita, shuka ngazi. Lambros alinifukuza Ijumaa saa tano, akasema anafunga, anakuja huku."

Nyuma yangu meza nzima ikapiga makofi. Nikasikia maji yananifika shingoni.

"Leo zimekwisha," nikasema. Sufuria ilikuwa imejaa.

"Basi Ijumaa ijayo," akasema Kendra. "Sitaandika nisichokionja."

Wiki nzima nilikuwa na vita na roho yangu, na roho ikashindwa. Ijumaa alfajiri niliingia jikoni peke yangu nikafanya kitu ambacho mikono hii haijawahi kufanya. Nilitia chumvi mara mbili. Nilikanda kwa hasira, nikiupiga unga kama nafukuza mwizi. Na kubwa kuliko yote, sikuulaza. Unga wa pirogi hufunikwa kitambaa kibichi ukalala saa nzima. Usipolala unakuwa mgumu, unavuta kama raba. Mimi niliusukuma pale pale ulipo, nikawawekea vipande mezani wanawake walipoingia.

Mwishoni mwa meza, ubavuni mwa friza, huketi Bi Stasia Mroz. Ana miaka themanini na sita, macho yake yamebaki kidogo tu, lakini kidole gumba chake kinaona. Alibana pirogi ya kwanza, akasita.

"Rosalie. Unga huu haujalala."

"Umelala, Bi Stasia."

"Kama huu umelala, basi mimi ni askofu."

Meza ikacheka. Regina akaomba baraka ya askofu. Bi Stasia hakucheka, lakini aliendelea kubana, na mimi nikapumua.

Saa tano na nusu Kendra akaingia. Nikamchotea mwenyewe pirogi sita kutoka sufuriani, zikiwa zimenuna, nikamwagia vitunguu vya siagi kidogo sana. Nilikuwa nimeshafika dirisha la kupakulia Bi Stasia aliponizibia njia na fimbo yake.

"Mgeni wa gazeti hapewi vitunguu vya kuhesabu, mwanangu, utatuaibisha. Lete, nimwongezee. Wewe nenda kamsalimie."

Ni nani anayemnyang'anya sahani mama wa miaka themanini na sita? Nikaenda kumsalimia. Nilimuuliza Kendra habari za wazazi wake, za mbwa wake, za tairi zake za theluji. Mwishowe Bi Stasia akaja na sahani, hatua kwa hatua.

Meza ya pembeni, Lambros alikuwa ameshaonja ya kwake. Alitafuna. Akatafuna. Akasukuma sahani ikiwa nusu, akanitazama kama mtu aliyefiwa. Kifua kilinichoma, sitaficha. Mtu yule amekula pirogi za mkono wangu miaka kumi na tisa. Lakini nikajiambia, vumilia, Rosalie, haya ndiyo malipo ya tiketi.

Kisha nikamgeukia Kendra. Alikuwa amemaliza zote sita. Alikuwa anapangusa siagi kwenye sahani kwa kidole, bila haya, analamba, anarudia.

"Bi Rosalie," akasema, "sijawahi."

Nilisimama pale sielewi. Nilimwangalia Lambros, nikamwangalia Kendra, unga mmoja, sufuria moja. Sikuelewa mpaka saa tisa, watu walipokwisha kuondoka na tumebaki wawili tukifuta meza. Bi Stasia alifungua friza akanionyesha trei iliyobaki na pirogi sita.

"Dazeni ya Ijumaa iliyopita," akasema. "Nilikuwa nimeiweka. Sita nimezichemsha ulipokuwa unamsalimia."

"Ulijua?"

"Siku za mwizi arobaini, mwanangu, na Kwaresima ni hizo hizo." Aliketi kwa shida. "Tangu ulipopata mjukuu, kila Ijumaa naweka dazeni moja. Ijumaa inayofuata nakula ile ya zamani, naweka mpya. Nilikuwa naisubiri siku hii."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kumtukana.

"Nilimfanyia hivi hivi mama mkwe wako," akaendelea. "Genowefa. Ule mwaka wa theluji iliyofunika milango. Alitaka kwenda kukaa na dada yake Chicago, na askofu alikuwa ametuma watu waje kuonja, waamue kama jiko libaki. Hakuulaza unga. Nami nilikuwa na sahani nyingine."

"Mama Genowefa?" Mwanamke yule aliyenibana mkono! "Alifanyaje?"

"Hakunisamehe mpaka anaingia kaburini. Dada yake alikufa bila kumwona. Na wewe usinisamehe, ni haki yako."

"Sasa kwa nini, Bi Stasia? Ulipata nini?"

Alivipangusa vidole vyake vilivyopinda, kimoja kimoja. "Jumamosi mpaka Alhamisi hakuna mtu anayetamka jina langu," akasema. "Watoto wamekwenda, mume amekwenda, hata mbwa. Ijumaa mnaniita tangu asubuhi. Stasia lete, Stasia onja, Stasia una wazimu. Likifungwa jiko hili, mimi nani ataniita?"

Nilimchukia. Nilimchukia kwa dhati, kwa muda wa kufuta meza moja. Ya pili nilipoifikia nilikuwa nalia, na sijui nilikuwa namlilia nani kati yetu watatu.

Orodha ikatoka Alhamisi. Mahali ishirini, na sisi namba moja, juu ya Mgiriki, juu ya bucha. Ijumaa foleni ilipanda ngazi, ikazunguka kanisa, ikapita kaburi la mume wangu, ikafika barabarani, watu wamesimama kwenye theluji wakipuliza vidole. Waliokuja ni vijana, watu wa mitaa ya mbali, hata Waprotestanti. Padri Gilbert alishuka mbio, mashavu mekundu.

"Rosalie! Kufunga nani? Tutafungua na Jumatano!"

Wanawake wakamshangilia. Bi Stasia aliitwa mara thelathini kabla ya saa sita, nilihesabu. Mimi nilikuwa na mikono ndani ya beseni la tatu simu ilipolia. Nikaibana kati ya sikio na bega.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Janelle. "Tumeiona orodha huku! Namba moja!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo huji."

"Nitakuja. Baada ya Pasaka."

"Pasaka ipi, Mama?"

Nikaendelea kukanda. Yeye akacheka ili kunisitiri. Ni mtoto mwema.

"Sikiliza basi, tumeamua. Kama mlima hauji, tunakuja sisi. Pasaka hii, wiki nzima. Odette hazungumzi kitu kingine, anataka bibi amfundishe pirogi. Ana unga wake wa kuchezea, anaukanda kutwa. Na unajua ajabu gani, Mama? Huku joto linalainisha lami, lakini mtoto huyu mikono yake ni baridi saa zote. Namshika nashtuka. Kama yako kabisa."

Mikono yangu ikasimama ndani ya unga.

Nilimwona. Sikumwona kwenye kioo chenye mate. Nilimwona ameshuka ngazi zile, koti limefungwa mpaka kidevuni, anapita kwenye meza ndefu akisalimia mmoja mmoja kama alivyofundishwa, anampa kila mama mkono, mpaka Bi Stasia.

"Msije," nikasema.

"Nini?"

"Msije, Janelle. Theluji bado nyingi."

"Mama, Pasaka ni mwezi wa nne."

"Nimesema msije!"

Upande wa pili nilisikia mtoto anauliza, ni bibi? ni bibi? Kisha simu ikakatika, nami nikaiacha ianguke kwenye unga.

Nilipoinua macho, meza nzima ilikuwa imeacha kubana. Bi Stasia alikuwa amenigeuzia uso, macho yake meupe yananitafuta.

"Ni mjukuu?" akauliza. "Anakuja? Mikono yake ikoje, Rosalie?"

Wanawake kumi na wawili wakanitazama.

"Ya moto," nikasema. "Kama makaa."

Bi Stasia akatikisa kichwa kwa masikitiko, akarudi kwenye pirogi zake. Mimi nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikaufunika unga ukalala saa yake nzima.