Chungu Kisichooshwa

Kaltuma hakuwa na mchezo na uchafu. Kwao Chula walisema ungeweza kumwaga uji uani kwake na bado ukaunywa. Alipofiwa na mume akaja Kisimayu kulea makinda ya mbuni katika shamba la Mwitaliano, Sinyori Gaspare, alikuja na ufagio wake mwenyewe.

Kila alfajiri alifagia zizi, akalimwagia maji ya bahari, akanyunyiza chokaa. Na makinda wakafa. Walivimba matumbo, wakahara, wakalaza shingo chini. Kundi la kwanza likaisha, la pili likafuata. Sinyori, aliyeangua mayai kwa mashine mbali na mama zao, akamwambia, "Kaltuma, hawa wa kundi la tatu wakifa, nafunga shamba."

Shamba likifungwa, Kaltuma atarudi Chula, jikoni kwa shemeji yake, aombe hata kijiko. Basi akazidi kusugua.

Siku moja akamfuma kinda mmoja, mwenye bawa lililopinda, ametoroka uzioni, yuko kwa mbuni wakubwa anadonoa mavi mabichi bila haya. Akamfukuza, akamwosha mdomo. Kesho yake yuko palepale, na keshokutwa. Kaltuma akasalimu amri. Wiki haijaisha, wenzake wameanza kuhara, yeye anakimbia tu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akikoroga kwa mkono unga wa mkate wa mofa katika chungu chake. Chungu hicho ndicho chombo pekee nyumbani mwake kisichooshwa. Hubakizwa kidogo cha jana kiumue cha leo. Mwanamke akikiosha, mkate haufuri, na wenzake humcheka mwezi mzima. Mkono wake ukasimama ndani ya unga.

"Ya Rabi," akasema, "nimeosha chungu."

Alilia kwanza. Kisha akaenda kwa Sinyori na unga mkononi.

"Makinda hawana chachu tumboni, Sinyori. Mama zao wanayo. Mimi naifagia."

Sinyori alicheka, lakini alikuwa na hadubini. Akaweka tone la mavi ya mbuni mzima, akatazama, akamwita naye atazame. Kaltuma akaona vijidudu tele vikihangaika.

"Mimi nilidhani wote ni maradhi," Sinyori akasema taratibu. "Kumbe wengine ndio wanaowasagia majani."

Wakatandaza mavi ya mbuni wenye afya zizini. Makinda wanne walikuwa wameshazidiwa, wakafa. Kumi na wanne waliobaki wakasimama, wakala, wakaanza kuwa watundu.

Miezi minane baadaye mdogo wake, Mashavu, akaja kumtazama kutoka Chula. Alipofika zizini akaziba pua, akamaka kwa lahaja ya kwao.

"Dada! Mchu mzima wakaa na mavi haya?" Akauchukua ufagio pembeni.

Kaltuma akamshika mkono.

"Uweke chini, Mashavu. Ufagio huo umeshaniulia wanangu ishirini na sita."

Mashavu akauweka. Mbuni wa bawa lililopinda, mrefu sasa kuwapita wote wawili, akaja akaudonoa, akaudharau, akaenda zake.