Ijumaa ya Vitunguu

Vitunguu vilianza kuimba ndani ya mafuta kabla ya adhana ya adhuhuri, na muadhini alipomaliza, harufu ilikuwa imeshatoka uani, ikapita ukumbini katikati ya vyumba vya wapangaji, ikajitokeza barazani na kuukamata Mtaa wa Sikukuu shingoni. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu mbili tatu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisimamisha miguu juu ya pedali, akafumba macho.

"Bi Zamzam huyo," akasema, ingawa hapakuwa na aliyemwuliza.

Wote tulijua. Ijumaa kwa Bi Zamzam ilikuwa pilau, na mlango wake siku hiyo haukuwa na komeo. Tangu mumewe yu hai wanaume waliotoka msikitini walipitia pale, wanawake wakaingilia mlango wa uani, na aliyekuja na njaa aliondoka na umbeya wa wiki nzima juu yake.

Lakini aliyefika uani siku ile angeona ajabu. Sufuria lilikuwa lile kubwa la shughuli, na Bi Zamzam mwenyewe amekaa juu ya kigoda, kanga kifuani, anakoroga kwa madaha yale yale. Ungo wa mchele tu ndio haukuwepo. Wala nyama haikuwepo. Sufuriani mlikuwa na vitunguu na viungo, basi, vikikaangwa kwa ajili ya pua za watu.

Mwaka ule bei zilikuwa zimepanda mnazi, na hakuna aliyejua zitashuka lini. Wenye mashamba walisema ni mvua, wenye malori walisema ni petroli, na redio ya mkahawani ilisema tuwe na subira. Asubuhi hiyo Bi Zamzam alikuwa amekwenda sokoni kwa Kitwana, muuza mchele waliyezoeana miaka. Kwa fedha iliyokuwa ikimpa pishi nzima, Kitwana alimpimia nusu yake, tena akafuta juu ya kibaba kwa kijiti, hata punje moja isizidi.

"Na nyongeza yangu?"

"Nyongeza imehama, Bi Zamzam. Nasikia imepanga chumba Magomeni."

"Usinitanie, Kitwana. Nanunua kwako tangu huna ndevu."

"Na mimi nakuongezea tangu huna mvi. Naona haya, mama yangu, lakini huko ninakonunua nami siku hizi nafutiwa kwa kijiti."

Nyongeza si mali. Ni konzi ya mchele tu, haimshibishi hata kuku. Lakini ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba amekwenda kwa mtu, hakwenda kwa kibaba. Bi Zamzam aliutazama ule mchele uliolala kwenye kikapu kama mgonjwa, akawafikiria wanaume wale na kanzu zao zilizopigwa pasi, akaona sinia dogo litamtangaza mji mzima. Sinia lisilokuwepo, kwa upande wake, lina visingizio elfu. Akamrudishia Kitwana mchele wake, akanunua vitunguu na viungo. Njiani akakitunga kisingizio: amepata msiba Magomeni, chakula chote amekipeleka huko. Harufu ingemtolea ushahidi.

Shahidi wa kweli alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mle mle uani. Severa, mpangaji wa chumba cha nyuma, alichuchumaa upande wa pili akimenya ndizi mbichi, vidole vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu. Mumewe, Onesphory, aliendesha lori la viazi na ndizi kutoka Moshi, na kila aliporudi aliteremsha mkungu mmoja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Maneno yao yaliishia hapo, kama kawaida. Mwaka mzima Severa alikuwa amepanga nyumba ile, na Ijumaa zote za mwaka huo Bi Zamzam alimpelekea sahani ya pilau. Kila mara Severa alijibu kwa upole, "Ahsante, mama, leo nimeshiba," akarudi ndani na kufunga mlango. Bi Siwema wa nyumba ya mbele, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, ndiye aliyetoa tafsiri: "Shoga, huyo anakiona chakula chako najisi. Watu wa mlimani wana majivuno." Bi Zamzam alilimeza neno lile, nalo likamkaa kooni kama mwiba wa changu. Aliyeona sufuria lisilo na mchele leo ni huyo huyo. Akaliacha juu ya makaa, akavaa kanga safi, akaenda barazani kuwasubiri wageni na uongo wake.

Walikuja kundi zima, mbele yao Mzee Mwinyimvua na mwavuli wake, akinusa hewa kama paka.

"Shemeji, leo umetuua!" akasema. "Imamu bado yuko kwenye hotuba, mimi roho imeshafika hapa."

"Karibuni, lakini mnisamehe," akasema Bi Zamzam, ameinamisha kichwa. "Nimefikwa na msiba Magomeni. Chakula chote nimekipeleka huko."

Mwinyimvua akafunga mwavuli polepole. Hapo ndipo Bi Zamzam alipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa mtaa ule asingelisahau: hakuna jeneza lililowahi kutoka Kariakoo bila bega la Mwinyimvua kuwa chini yake.

"Magomeni ipi? Mimi jana nimelala Magomeni, kwa binti yangu. Sikusikia kilio."

"Ni... upande wa bondeni kule."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Basi, jamaa, twendeni! Tutasimamaje hapa tukinusa pilau na maiti anasubiri watu?"

Wakageuka wote. Mmoja akavua kofia, akaigeuza juu chini na kuipitisha kwa wenzake: ya sanda, jamani, chochote. Ilikuwa kofia aliyoidarizi Bi Zamzam kwa mkono wake. Akaziona senti zikidondoka ndani yake, moja moja, kutoka mifuko aliyoijua. Mifuko ya watu ambao nao walikuwa na wake, na wake zao walikuwa wamesimama asubuhi ile mbele ya kibaba kile kile. Hakuna aliyesita. Aliyekuwa hana kitu alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu, tayari kuchimba.

"Rudisheni!" sauti ilimtoka kabla hajaiamuru. "Rudisheni pesa za watu. Hakuna aliyekufa. Mchele ndio uliotutoka."

Mwenye kofia akasimama nayo mkononi. Kisha Mwinyimvua akaweka mkono kifuani.

"Inna lillahi," akasema. "Na juzi tu tulikuwa naye!"

Kicheko kiliwaka barazani, kikamkamata hata mwenye kofia, senti zikamwagika zikafukuziwa chini. Mwinyimvua alifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Lakini harufu, shemeji?"

"Vitunguu."

"Vitunguu vitupu?"

"Na bizari."

"Basi usione haya. Nyumbani kwangu Jumanne alikaangwa dagaa mmoja, peke yake, ili jirani asikie."

Walicheka tena, ila sasa kicheko kilikuwa na utulivu ndani yake, kama cha watu waliovua viatu vilivyokuwa vikiwabana. Hata hivyo, Bi Zamzam hakuinua uso. Mlango ulikuwa wazi, watu wamejaa, na yeye hana cha kuwapa. Jambo aliloliogopa lilikuwa limefika na kukaa naye kitako.

"Mama," ikaita sauti kutoka ukumbini. Alikuwa Severa, ameshika mwiko. "Ndizi zimeiva. Nipakue?"

Bi Zamzam alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Vile viungo vingeungua," Severa akasema, kana kwamba ndiye anayestahili kuomba radhi. "Nikatia ndizi zangu, na nazi moja. Nisamehe, sikukuuliza."

Sinia lililokwenda kwa wanaume lilitoa moshi. Ndizi zilikuwa zimekunywa viungo hata zikabadilika rangi, na tui limetulia juu yake likimeremeta. Mwinyimvua alionja, akatafuna, akatangaza kwamba marehemu amepata mrithi. Uani wanawake walitandika mkeka, Bi Siwema miongoni mwao, na Bi Zamzam alikuwa akimjazia Severa sahani ya kupeleka chumbani alipomwona anakaa, anakunja miguu, ananyoosha mkono kwenye sinia pamoja nao.

"Leo hukushiba?" akamwuliza, na ule mwiba ukachoma kidogo.

Severa akacheka, akaona haya.

"Mama, sisi Wakatoliki Ijumaa hatuli nyama. Mwaka mzima nakaa mle ndani nameza mate."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ungeona ninachagua chakula cha watu. Nikaona heri niitwe mwenye kushiba."

Bi Zamzam alirudisha kichwa nyuma akacheka mpaka kanga ikamfunguka, akampa Severa ndizi iliyonona kuliko zote, kutoka upande wake mwenyewe wa sinia. Bi Siwema ndiye hakucheka sana. Alikula, akalamba vidole, akanawa, akaenda zake mapema.

Mchele haukushuka mwezi ule, wala uliofuata. Ijumaa ziliendelea: mara ndizi, mara muhogo ulioletwa na Mwinyimvua chini ya mwavuli, na mara moja wali kweli, Kitwana alipokuja mwenyewe na kikapu akasema ni nyongeza zilizorudi kutoka Magomeni.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Tulikuwa tumesikia kwamba wakwe wa Bi Siwema wanatoka Bagamoyo kuja kumtembelea. Bi Zamzam alikuwa barazani anadarizi, Severa kando yake anachambua mchicha, harufu ilipovuka barabara: vitunguu, bizari, iliki. Sindano ikasimama. Bi Zamzam akanusa mara moja, akanusa tena. Nyama haikuwemo.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mama."

Severa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chane mbili za ndizi. Bi Zamzam akazifutika ndani ya kanga, akavuka. Mlango wa Bi Siwema ulikuwa umefungwa mchana kweupe.

"Hodi!"

Ndani, mwiko uliacha kukoroga.

Akangoja. Akaweka ndizi barazani, akavua viatu, akaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekuja kukaa.